Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: gari la zamani, matope na kutu hapa Goma

Nina RAV4 ya mwaka 1998, usukani kulia kama magari mengi ya hapa yaliyotoka Japani. Nimekaa nayo miaka tisa mtaa wa Keshero, na kazi zake nyingi nazifanya mwenyewe uani siku ya Jumapili. Majirani, wenzangu wa kazini, hata wapita njia wanaonikuta nimelala chini ya gari, huniuliza maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Sikusoma ufundi shuleni. Haya ni mambo niliyoyafanya kwa mikono yangu na kuyaona yakisaidia. Neno moja utalikuta mara nyingi katika majibu ya mwanzo, nalo ni matope. Nalirudia kwa makusudi.

Goma hatuna bahari. Kwa nini magari yetu yanaliwa na kutu haraka namna hii?

Chumvi ya bahari ni kichocheo kimoja tu. Chuma kinashika kutu kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja. Ukiongeza chumvi au tindikali, kazi inakwenda mbio. Hapa kwetu tindikali inatoka juu. Volkano ya Nyiragongo inapumua gesi usiku na mchana, na ndani ya moshi ule mna dioksidi ya salfa inayochanganyika na mawingu na kushuka na mvua. Upepo mara nyingi unausukuma moshi upande wa magharibi, kwa hiyo mtu wa Rusayo au wa Sake hahitaji kuelezwa: anaona mabati ya nyumba yake yanavyotoboka mapema. Gari linalolala nje linanyeshewa na mvua ileile.

Halafu kuna makoro, yaani mawe ya lava iliyoganda. Mji wote umekaa juu ya lava, na vipande vyake vina makali kama ya chupa iliyovunjika. Kila ukipita barabara isiyo na lami, vijiwe vinaruka na kukwangua rangi ya chini ya gari, mahali usipopaona. Kisha mvua inanyesha, vumbi lile jeusi linakuwa tope, tope linajibana ndani ya matao ya magurudumu na juu ya mihimili. Udongo wa volkano unanyonya maji na kuyashika. Juu ya gari jua limeshakausha kila kitu saa nne asubuhi. Chini, tope bado ni bichi siku ya tatu. Hapo ndipo kutu inapozaliwa, na ikishazaliwa haijizuii yenyewe. Inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, inaipandisha rangi ya pembeni na kuacha nyufa ambazo maji yanaingilia tena.

Nianze kuangalia wapi?

Usianze na paa wala boneti. Watu wanasugua boneti hadi ing'ae, huku mhimili wa chini ya mlango umebaki kama biskuti.

Chukua tochi, bisibisi yenye mpini wa plastiki na kipande cha turubai cha kulalia. Anza na ule mhimili mrefu ulio chini ya milango, kizingiti unachokikanyaga ukipanda. Ugonge polepole kwa mpini, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, ukisikiliza. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinajibu kwa sauti nzito, iliyokufa, na wakati mwingine utasikia magamba yakidondoka kwa ndani. Sauti ikibadilika, weka alama ya chaki.

Nenda kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na upitishe kidole nyuma ya ukingo, pale bati linapojikunja kuelekea ndani. Hapo panajaa tope kuliko mahali pengine popote kwenye gari. Kisha angalia sehemu zinazopokea jeki, zinazofungiwa springi na amotisa (shokapu), mabomba ya breki yanayokwenda nyuma, mikanda inayoshika tangi la mafuta, na sahani iliyobeba betri. Mwisho inua zulia la ndani, upande wa dereva na wa abiria, na ubonyeze sponji ya chini yake kwa kiganja. Ikitoa maji, usilirudishe zulia. Liache nje likauke, utafute maji yanapoingilia: mara nyingi ni raba ya mlango, gundi ya kioo cha mbele, au majani ya miti yaliyoziba mfereji ulio chini ya waipa.

Kwenye RAV4 za zamani kama yangu angalia pia mlango wa nyuma uliobeba gurudumu la akiba. Ule uzito unauvuta mlango, raba haibani tena, na maji yanapita.

Nikikata kona nasikia maji yakicheza ndani ya mlango. Ni kawaida?

Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida. Maji kubaki humo ndiyo hatari.

Kila mlango una matundu madogo kwenye ukingo wake wa chini, mawili au matatu, makubwa kama punje ya haragwe. Mvua inayoteremka na kioo inaingia ndani ya mlango na kutokea pale. Tope likiyaziba, mlango unakuwa ndoo.

Mwaka wa pili wa gari langu niliisikia sauti hiyo kwenye mlango wa nyuma kushoto, nikaipuuza kwa miezi. Siku moja nilipiga magoti nikaona rangi ya ukingo wa chini imevimba mapovu mapovu, kama ngozi iliyoungua. Nikachukua spoki ya baiskeli, nikaingiza kwenye tundu na kuizungusha. Kwanza kilitoka kidonge cha udongo mweusi. Kisha yakatoka maji, rangi ya chai iliyolala, karibu nusu lita, na mwishoni magamba ya kutu membamba kama maganda ya kitunguu. Mlango wenyewe ulikuwa umeshakwisha kwa ndani. Ile spoki nimeikunja ncha, na hadi leo inakaa ndani ya gari.

Fanya hivyo kila mwezi wakati wa mvua, milango yote na mlango wa nyuma. Kizingiti nacho kina matundu yake kwa chini. Dakika kumi zinatosha. Ukiniuliza ni kazi gani moja ungeifanya kama huna pesa hata kidogo, nakutajia hii.

Nioshe gari kwa maji gani: ya ziwa, ya mvua au ya bomba?

Ya bomba, ukiyapata. Maji ya Kivu si ya chumvi kama ya bahari, lakini yamebeba madini mengi. Chemsha sufuria mara kadhaa uone ule ukoko mweupe. Kwa kuosha nje yanafaa, mradi usiyaache yakaukie juu ya rangi. Pangusa kwa kitambaa. Maji ya mvua uliyoyakinga kwenye bati yanaweza kuwa na tindikali, hasa siku ambazo moshi wa volkano umelala juu ya mtaa. Hayo usiyatumie kusuuza mara ya mwisho.

Usipeleke gari kuoshewa ndani ya ziwa. Mafuta na grisi ya chini ya gari vinaingia kwenye maji ambayo watu wanachota kwa mabidoni mita chache kutoka hapo, tena ya kunywa.

Kuhusu namna: anza chini, malizia juu. Mabidoni mawili ya lita 20 yanatosha kwa chini ukiwa na brashi ya mpini mrefu. Lowesha tope kwanza, lisubiri dakika kumi lilainike, ndipo usugue ndani ya matao na kando ya mihimili. Wanaotumia mashine ya presha wasiielekeze kwenye viungo vya umeme, kwenye rejeta, wala kwenye raba za mpira wa ekseli. Ukimaliza, endesha gari kilomita chache ili upepo ukaushe chini na breki zipate joto. Kuosha jioni na kulilaza gari likiwa bichi hakusaidii chuma.

Fundi ananishauri kupaka gudroni chini yote. Nikubali?

Muulize kwanza atapaka juu ya nini.

Gudroni, au ile rangi nzito ya lami, ni nzuri ikipakwa juu ya chuma safi, kikavu, chenye praima. Ikipakwa juu ya kutu na tope, inakuwa blanketi. Baada ya muda inakauka, inapasuka nyufa nyembamba, maji yanapenya na hayatoki. Kwa nje unaona weusi mzuri. Nyuma yake chuma kinaliwa bila kuonekana. Nimewahi kubandua vipande vya namna hiyo chini ya gari la jirani, vikatoka pamoja na bati lenyewe.

Fundi akiwa tayari kuosha, kukausha siku nzima, kukwangua, kupaka praima na ndipo apake lami, mlipe, amefanya kazi. Akisema anamaliza yote kwa saa mbili, bora uache chuma wazi ukione.

Na oili chafu ya vidanje, ile inayomwagwa injini ikibadilishwa oili? Wazee wetu waliitumia.

Waliitumia, na mahali palipokuwa na oili hapakushika kutu haraka. Hata hivyo mimi nimeiacha, kwa sababu tatu. Oili iliyochoka imebeba tindikali na masizi ya injini. Inavimbisha na kulainisha raba za bushi. Na inadondoka: mvua ya kwanza inaipeleka chini kwenye makoro, ambayo yamejaa matundu na hayachuji kitu, na ndani ya mikono yako inaacha vitu vinavyodhuru ngozi na vinavyohusishwa na saratani. Ukitaka kupaka mafuta, paka grisi safi. Ni ghali kidogo lakini inashika, na unaipaka mahali panapohitaji tu.

Mafuta ya mawese je?

Hapana. Yanachachuka, yanageuka tindikali, na panya wanayapenda.

Nimeona doa la kutu dogo kama kifungo cha shati. Nifanye nini leo?

Hongera, umeliona mapema. Lakini doa la nje ni dogo kuliko lililofichika chini ya rangi, kwa hiyo jitayarishe kulipanua.

Kwangua kwa brashi ya waya hadi rangi iliyolegea yote itoke. Endelea kwa msasa namba 80 mpaka uone chuma cheupe kinachong'aa, kisha ulainishe kingo za rangi kwa namba 180 au 240, ili ukipitisha kidole usihisi ngazi. Vile vidoa vyeusi vinavyobaki ndani ya vishimo vya chuma ndivyo vitakavyorudisha kutu baada ya miezi mitatu. Hivyo vipake dawa ya kugeuza kutu, ile yenye asidi ya fosforiki au tanini. Inafanya kutu iwe nyeusi na ngumu. Soma kopo, kwa maana nyingine zinataka kusuuzwa na nyingine hazitaki kuguswa na maji. Vaa glavu na miwani.

Ikikauka, futa kwa kitambaa chenye tina. Kuanzia hapa usiguse kwa vidole, jasho lina chumvi. Paka praima ya epoksi au ya zinki, mara mbili, nyembamba. Kisha rangi, kisha vanishi.

Watu wengi wanakosea hapa: wanapaka praima ya kijivu, wanaona inatosha, wanaendesha hivyo mwaka mzima. Praima nyingi zinapitisha unyevu. Bila rangi juu yake umepaka kitambaa. Hata kama huna rangi inayofanana na ya gari, paka rangi yoyote ya mafuta. Gari langu lina kiraka cha buluu juu ya bodi ya kijani tangu 2019 na hakijavimba.

Fanya kazi hii kiangazi, Juni hadi Agosti, kati ya saa nne na saa tisa mchana. Asubuhi Goma ina umande, na chuma chenye baridi kinatoa jasho usiloliona. Ukipaka rangi juu ya jasho hilo, umefungia maji ndani.

Tundu limeshapita hadi upande wa pili. Naweza kuziba kwa mastike (puti)?

Kwenye bati la urembo, kama ukingo wa mlango, mastike juu ya wavu itakupa muda. Muda tu, kwa sababu mastike inanyonya maji na kutu inaendelea nyuma yake.

Kwenye mhimili, kizingiti, mahali pa kufungia springi, amotisa au mkanda wa usalama, hapana kabisa. Sehemu hizo ndizo zinazobeba gari na kuwalinda waliomo. Hapo ni kukata chuma kibovu mpaka ufike kizuri, na kuchomelea bati jipya lenye unene uleule. Mpe tolie, fundi wa bodi, anayejua, na usimamie mambo mawili. La kwanza, waya hasi wa betri uchomolewe kabla hajagusisha mashine, zulia litolewe, na mchanga au maji yawe karibu. Karibu na tangi la mafuta asichomelee mpaka tangi litoke. La pili ni upande wa ndani. Niliwahi kuchomelewa kizingiti vizuri sana, kimelainishwa, kimepakwa rangi, huwezi kujua palikatwa. Msimu mmoja wa mvua ukapita, mstari wote wa kuchomelea ukavimba. Kwa ndani hakuna aliyepaka kitu. Moto wa kuchomelea ulikuwa umeunguza rangi ya zamani, chuma kikabaki uchi gizani. Siku hizi sipokei gari mpaka nimepuliza nta au grisi kwa ndani mwenyewe.

Nitafikaje ndani ya mihimili kama imefungwa?

Imefungwa lakini si kabisa. Ina matundu ya kiwandani yaliyozibwa kwa vifuniko vya plastiki, na yale ya kutolea maji. Nta ya kupuliza inauzwa kwenye makopo yenye mrija mrefu. Unaingiza mrija mpaka mwisho, unabonyeza huku ukiuvuta taratibu. Ulizia Birere kwa wauza vipuri na rangi, na uangalie tarehe ya kopo.

Ukikosa, changanya grisi na oili mpya ya injini mpaka iwe laini kama uji mwepesi. Ipashe moto kwa kuweka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, mbali na makaa, wala usiweke kopo juu ya mbabula (jiko la makaa). Ipulize kwa bunduki ya rangi ya bei ndogo au kwa chupa yenye mpira. Mihimili iwe imekauka siku kadhaa za jua kabla hujaanza. Ukimaliza, pitisha ile spoki kwenye matundu ya chini, usije ukaziba njia uliyokuwa unailinda. Mafuta yasiguse diski za breki, raba wala eksozi.

Nani alisema mawe hayafai kuinulia gari? Sisi sote tunatumia makoro.

Mimi nasema, na naomba unisikilize hapa kuliko mahali pengine popote kwenye ukurasa huu. Koro linaonekana gumu, lakini ndani lina matundu yaliyoachwa na mapovu ya gesi lava ilipoganda. Linabeba, linabeba, halafu linapasuka ghafla bila kukuonya. Tofali la kuchoma au la saruji ni hivyohivyo.

Jeki ni ya kuinua, si ya kulalia chini yake. Nunua stendi mbili za chuma, au azima. Ardhi ya kwetu ni ya mawe mawe, kwa hiyo weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Zuia magurudumu yanayobaki chini, vuta breki ya mkono, ingiza gia. Gurudumu ulilolitoa lisukume chini ya mhimili, lilale hapo: gari likianguka litaangukia gurudumu. Kabla hujaingia, lisukume gari kwa nguvu ukiwa umesimama nje. Likitikisika, usiingie. Mtu mwingine awepo nyumbani, na watoto wakae mbali.

Kama hatua hizi zinakuchosha, osha na ukague kwa kulala pembeni tu. Utaona mengi.

Naweza kujaza rejeta kwa maji ya kawaida?

Njiani, gari limechemka, huna kingine: jaza, ufike. Kisha uyamwage. Maji ya ziwa yanaacha ukoko kwenye mirija ya rejeta, na ya mvua yanakula chuma na alumini. Injini inaoza kwa ndani kama bodi inavyooza kwa nje, na dalili yake ni maji ya rangi ya matofali.

Tumia kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Mbali na kuzuia kuganda, ambako hapa hatukuhitaji, ina dawa za kuzuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Hilo la pili ni muhimu kwetu: Goma ipo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji matupu hapa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta chenye springi nzima kinaongeza shinikizo na kufidia. Kikichoka, gari litachemka kwenye mlima wowote na utamlaumu fundi wa injini bure. Kulanti ya kuchanganya ichanganye na maji yaliyotolewa madini. Sokoni yanaitwa maji ya betri, lakini soma chupa vizuri au muulize muuzaji, maana jina hilohilo linatumika na wengine kwa asidi ya betri.

Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Kulanti iliyomwagika ioshe upesi: ni tamu na ni sumu, mbwa na watoto wanaweza kuilamba.

Breki zangu zinafanya kazi. Kwa nini nibadilishe mafuta yake?

Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa. Baada ya miaka miwili hivi yanakuwa na maji ya kutosha kushusha kiwango chake cha kuchemka: DOT 4, aina moja ya mafuta hayo, ikiwa mpya inavumilia nyuzi 230 au zaidi, iliyolowa inaruhusiwa kushuka hadi 155. Ukiteremka milima ya njia ya Bukavu umebeba familia na magunia, breki zinapata moto kweli. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na kanyagio linazama hadi chini. Maji hayohayo yanaanzisha kutu ndani ya pistoni na mabomba.

Ukiwa hapo, pitisha kitambaa juu ya mabomba ya chuma ya chini ya gari. Kutu ya juu juu inafutika. Bomba likiwa na magamba, vishimo au unyevu, usiendeshe, badilisha. Na mafuta hayo yakidondokea rangi ya gari yanaivua, osha kwa maji mara moja.

Nanunua esanse (petroli) ya mabidoni barabarani. Inahusiana na kutu?

Inahusiana. Bidoni lililosuuzwa vibaya linakuja na maji, maji yanashuka chini ya tangi kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, na tangi la chuma linaanza kuoza kutoka ndani. Mimi namimina kupitia kitambaa kizito na naacha kidole cha mwisho cha bidoni bila kukimimina. Tangi usiliache nusu tupu kwa wiki nyingi. Wenye magari ya mazutu (dizeli) wana bahati: filta nyingi zina kikombe cha kukusanya maji na kizibo cha kuyatoa kwa chini. Kifungue kila mwezi.

Vipi kuhusu betri na vidanje?

Kwa kifupi. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri uoshe kwa bikaboneti, ileile ya kupikia maharage, kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Uchomoe waya hasi kwanza, na uurudishe wa mwisho. Suuza na sahani iliyo chini yake, kisha paka vichwa vaselini. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, inasoma volti 12.6 hivi.

Vidanje nafanya kila kilomita 5,000 kwa sababu ya vumbi, na filta ya hewa naikagua kila wiki kiangazi. Ya karatasi usiioshe kwa esanse.

Nataka kununua gari lililotoka Japani moja kwa moja. Halijapita kwenye makoro, si litakuwa halina kutu?

Inategemea limetoka upande gani. Kaskazini mwa Japani, kama Hokkaido, theluji ni nyingi na barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Gari la huko linaweza kuwa na bodi inayong'aa kama kioo na tumbo lililooza. Omba picha za chini kabla ya kutuma pesa. Lililokwisha kufika, likague kwa tochi na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: pale sumaku inapokataa kushika kwenye bati la chuma, kuna mastike nene chini ya rangi. Weusi mpya unaong'aa chini ya gari la miaka ishirini unanipa shaka kuliko kutu ninayoiona.

Nasafiri miezi mitatu. Niliache gari vipi?

Lioshe chini, likauke jua la siku mbili. Liegeshe juu ya changarawe au makoro, si juu ya majani, kwa maana majani yanatoa unyevu usiku kucha. Usilifunike kwa shitingi (turubai la plastiki): jasho linashindwa kutoka na gari linaloa hata siku isiyo na mvua. Paa la bati lililo wazi pembeni ni bora kuliko gereji iliyofungwa yenye sakafu mbichi. Jaza tangi, chomoa waya hasi wa betri, liachie breki ya mkono na uzuie magurudumu kwa mbao, ili viatu vya breki visigande kwenye drami.

Ukimwachia ndugu ufunguo, mwambie asiwe analiwasha dakika tano tano na kulizima. Injini inapounguza mafuta inatoa maji pia, na yasipopata moto wa kutosha yanabaki ndani ya eksozi na kuitoboa. Aliendeshe nusu saa, mpaka Sake akiweza, akirudi apitishe spoki kwenye milango. Nimeiacha kwenye kisanduku cha mlango wa dereva.